Huruma iliyokwenda shule

Migori na Homa Bay zimepita katika misiba mingi tangu Ukimwi ulipoingia. Kilichoziokoa ni moyo wa kutoa uliopata mahali pa kujifunza kazi.

Mwaka 2000 kijiji cha Lwala, kilichoko Kamagambo Kaskazini katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, kiliuza kuku. Kiliuza na mbuzi, kikauza na ng'ombe. Fedha hizo hazikuwa za mahari wala za mazishi. Kijana wa hapo, Milton Ochieng', alikuwa amepata nafasi na ufadhili wa masomo katika Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, lakini ufadhili wenyewe haukulipia nauli ya ndege. Tiketi ilikuwa dola 900, karibu shilingi 70,000 za wakati ule. Baba na mama yake walikuwa walimu, na mshahara wa walimu wawili wenye watoto sita haukufika huko. Majirani wakatoa walichokuwa nacho, wakamsindikiza, na wakamwomba jambo moja tu: asiwasahau.

Uzito wa kuku wale utauona ukikumbuka ulikuwa mwaka gani. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alikuwa ametangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na Nyanza Kusini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi nchini: Suna na mji wake wa Migori, Kamagambo, Karungu, Ndhiwa, Homa Bay, Mbita. Jumamosi zilikuwa siku za kuzika. Ng'ombe aliyetoka bomani kwa kawaida alikwenda kulisha waombolezaji au kulipia jeneza. Katika majira hayohayo kijiji kimoja kikaamua kutoa mifugo kwa ajili ya aliye hai, tena ili akasome. Uamuzi huo, na mingine ya jamii yake katika kaunti hizi mbili, una la kutufunza sasa ambapo mambo yameanza kukaza tena.

Moyo ulikuwapo

Wanaosimulia miaka ile kwa haraka husema wagonjwa walitelekezwa. Wapo waliotelekezwa, na wapo waliotengewa sahani na kikombe chao. Lakini habari kubwa ya Suna na majirani zake ni ya watu waliojitoa kupita kiasi. Shangazi aliacha shamba lake akaenda kuuguza. Majirani walikesha. Nyanya aliyedhani amemaliza kulea alipokea wajukuu wa wana wawili au watatu, akaanza upya kutafuta uji na sare. Maiti walisafirishwa kutoka Nairobi na Mombasa wazikwe katika boma la baba zao, na hakuna aliyeuliza kama fedha zipo, zilichangwa.

Kilichokosekana ni maarifa. Mtu aliyekonda, akaharisha na kubadilika nywele, alisemwa ana chira, adhabu ya kuvunja mwiko wa ukoo. Dalili zilifanana mno na maelezo ya wazee hata wengi wasione sababu ya kutafuta maelezo mengine. Tiba ya chira ni manyasi, dawa ya mitishamba inayoandamana na utaratibu wa kimila. Familia yenye upendo iliuza ng'ombe kulipia manyasi, kisha ikauza wa pili kulipia mazishi. Mjane akabaki na watoto bila ng'ombe hata mmoja, na pengine naye akiwa mgonjwa tayari. Nani ataiambia familia hiyo kwamba haikuwa na huruma? Ilikuwa nayo hadi ikafilisika.

Na waliotarajiwa kueleza jambo hili kijijini walikuwa wakifa pia. Walimu walizikwa mmoja baada ya mwingine na madarasa yakaunganishwa. Baadaye walionusurika wakaunda KENEPOTE, mtandao wa walimu wa Kenya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wakaanza kusimama mbele ya wenzao na wanafunzi kutangaza hali zao waziwazi. Mtaala wa chuo cha ualimu haukuwa na somo hilo. Mwalimu aliyesema, "Nina virusi, ninameza dawa, na kesho nitakuja kufunza hesabu," alibomoa hofu ambayo mabango ya serikali yalishindwa kuigusa.

Homa Bay yajibu

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996. Mwaka 2001, katika hospitali ya wilaya mjini humo, lilianza kutoa dawa za ARV, za kudhibiti virusi hivyo, bila malipo, mara ya kwanza kwa hospitali ya umma nchini Kenya. Wakati huo tiba ya mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja katika nchi za Magharibi iligharimu zaidi ya dola 10,000. Februari mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika hilo dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Kenya nayo ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu.

Si wote waliokubali kwamba dawa hizo zinafaa kuletwa huku. Mwaka huohuo mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Andrew Natsios, alipinga akidai kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa maishani mwao, kwa hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Hoja hiyo ilijibiwa na wagonjwa wenyewe. Anayeishi kando ya Ziwa Viktoria anajua mashua za omena zinarudi ufuoni wakati gani, na asiye na saa ana redio yenye taarifa ya habari asubuhi na jioni. Walimeza kwa wakati, wakainuka.

Lakini dawa peke yake haikuwainua. Kabla ya kupewa chupa ya kwanza, mgonjwa alikalishwa na mshauri akaelezwa virusi vinafanya nini mwilini, na kwa nini dozi ikirukwa dawa hugeuka bure. Watu ambao hawakumaliza shule ya msingi walielewa somo hilo kwa sababu lilielezwa kwa Kijaluo, kwa subira, na mtu asiyewacheka. Kisha wao wakawa walimu. Mama aliyekuwa ameletwa amebebwa alirudi kliniki akitembea, akaketi kwenye benchi karibu na aliyekuwa akitetemeka kwa kuogopa kupimwa. Huwezi kutenga pale ambapo elimu iliishia na huruma ikaanzia.

Matunda yalichukua miaka. Katika Ndhiwa, utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka wa mwaka 2012 ulikuta kwamba mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi anaishi na virusi, na kwamba takriban wanne tu kati ya kumi wenye virusi walikuwa wamefanikiwa kuvidhibiti kwa dawa. Utafiti wa 2018 ukakuta waliofanikiwa wamefika karibu tisa kati ya kumi. Kaunti ya Homa Bay bado iliongoza nchini kwa maambukizi mwaka huo, asilimia 19.6 ya watu wazima dhidi ya asilimia 4.9 ya taifa zima. Takwimu hiyo mara nyingi hutajwa kama aibu. Isomwe pia kwa upande wa pili: inahesabu watu walio hai, wanaolima, wanaofunza na wanaolipa karo, ambao mwaka 1999 wangekuwa wamekwisha kuzikwa.

Deni la nauli

Turudi Lwala. Akiwa Dartmouth, Milton alikwenda na wanafunzi wenzake Nicaragua kusaidia kujenga zahanati katika kijiji maskini, na huko akajiuliza kwa nini isiwezekane kwao. Nyumbani, mgonjwa au mama mwenye uchungu wa uzazi alisukumwa kwa toroli hadi barabarani, kisha ikasubiriwa gari. Baba yake, Mwalimu Erastus Ochieng', aliyefunza kemia, alikuwa na ndoto hiyohiyo ya zahanati na alianza kuwahamasisha wanakijiji. Hakuiona ikikamilika. Yeye na mkewe, Mwalimu Margaret, walifariki kwa Ukimwi kabla milango haijafunguliwa.

Milton na mdogo wake Fred, aliyemfuata Dartmouth na kisha katika masomo ya udaktari Chuo Kikuu cha Vanderbilt, walichangisha fedha wakiwa bado wanafunzi. Mwanahabari wa televisheni wa Nashville, Barry Simmons, akatengeneza filamu kuhusu safari yao. Zahanati ilifunguliwa mwaka 2007, na leo ni hospitali inayosimamiwa chini ya shirika la Lwala Community Alliance. Ndugu wote wawili ni madaktari.

Hadithi ingeweza kuishia hapo: vijana wawili wamelipa deni, kijiji kimepata jengo. Inapendeza hivyo, na ndivyo husimuliwa kwenye mikutano ya kuchangisha fedha. Lakini jambo lenye mafunzo zaidi ni lile lililofuata, ambalo halina picha nzuri. Zahanati ilikuta kwamba wajawazito wengi bado wanajifungulia kwa wanyamrerwa, wakunga wa kienyeji ambao jamii iliwaamini kwa vizazi. Ingekuwa rahisi kuwakemea na kuwapiga marufuku. Badala yake wakaitwa, wakafunzwa, wakaingizwa katika kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii, na wakalipwa. Kazi yao ikawa kumfuata mjamzito nyumbani mapema, kumpeleka hospitalini ajifungulie huko, na kufuatilia chanjo na uzito wa mtoto. Kina mama wakapewa kazi ya kushona sare na sodo zinazofuliwa ili wasichana wasikose masomo kila mwezi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika eneo linalohudumiwa na Lwala, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka zaidi ya 100 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, kabla ya zahanati, hadi takriban 30. Madaktari wawili hawawezi kufanya hivyo wakiwa peke yao. Mnyamrerwa alikuwa na huruma tangu zamani; alipoongezewa elimu na mshahara, ile huruma ikaanza kuokoa watoto kwa wingi.

Mpango huo sasa si wa Lwala peke yake. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wa vifaa na posho ya kila mwezi. Ukimwona mhudumu huyo akipita Oruba au Awendo na fulana yake, jua kwamba Migori ilikuwa imeufanyia kazi mpango huo kwa miaka mingi.

Kabla ya Lwala, Rusinga

Huu haukuwa mtindo mpya katika nchi hii ya ziwa. Mwanasiasa Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa Julai 1969, aliikatiza elimu yake katika shule ya Mang'u kwa sababu ya karo. Mwaka 1959 alipokuwa akipanga kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani, kikwazo kilikuwa kilekile cha Lwala miaka arobaini baadaye: masomo yamepatikana, nauli haipo. Alizunguka Marekani akichangisha pamoja na watu kama mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani vijiji vilifanya chai za mchango na kuuza mifugo. Hadi 1963 takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, akiwamo Wangari Maathai.

Mboya aliyekosa karo hakugeuka kuwa mtu wa kununa. Alihesabu ni wangapi wenzake wako katika hali ile, akatafuta ndege. Chuo kikuu cha umma kilichoko mjini Homa Bay sasa kina jina lake, na ni haki.

Hata hivyo, mtindo wa kumtoa mmoja na kumngoja arudi una kasoro zake. Si kila aliyesindikizwa alirejea. Wapo waliopotelea majuu na hawakutuma hata salamu. Kijiji hakina kuku wa kumtosha kila mtoto mwenye akili. Tena harambee ni rahisi kutekwa: mwanasiasa anakuja na bahasha, anapigiwa makofi, na mtoto wa asiyempigia kura hakumbukwi wakati wa basari. Ndiyo maana huruma inahitaji daftari, kalenda na kanuni zinazomfikia hata mtoto asiye na mjomba.

Shilingi zenye ratiba

Mfano wa huruma yenye ratiba ulijaribiwa hapahapa. Mwaka 2004 serikali ilianza, kwa majaribio, kuzipa fedha kila mwezi kaya zinazolea yatima. Mpango ulipopanuliwa, tathmini yake ilifanywa katika wilaya saba, na tatu kati ya hizo zilikuwa Migori, Homa Bay na Suba. Kiasi kilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, baadaye kikawa 2,000. Fedha ndogo. Lakini watafiti waliolinganisha kaya zilizopata na zisizopata walikuta watoto wa zilizopata wakiendelea zaidi na shule ya upili, vijana wakichelewa zaidi kuanza ngono, na wasichana wachache zaidi wakipata mimba za mapema. Hakuna aliyewahutubia kuhusu maadili. Nyanya alipata uhakika wa unga na daftari, na msichana hakulazimika kutafuta fedha ya sodo kwa mwendesha bodaboda au mvuvi ufuoni.

Shule yenyewe ni kinga. Hilo lilithibitika kwa uchungu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Katika Kaunti jirani ya Siaya, watafiti waliowafuatilia wasichana wa shule za upili walikuta kwamba waliopitia kipindi kile walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Huku Migori wavulana wana kishawishi chao: machimbo ya dhahabu ya Nyatike, ambako kijana hushika fedha siku hiyohiyo na darasa likaonekana upuzi.

Na bado kuna la kutia moyo. Mwaka 2014 uchunguzi wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 33 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 Homa Bay wamewahi kupata mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 18. Mwaka 2022 Homa Bay ilikuwa imeshuka hadi 23, na nchi 15. Bado ni wengi mno, lakini pengo limepungua. Kanuni za nchi zinamruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Kinachoamua kama atabaki ni mkuu wa shule anayempokea bila kumsimanga gwarideni, na mama anayekubali kushika mtoto mchana.

Sasa

Nyakati ngumu zimerudi kwa sura nyingine. Mafuriko ya 2024 yalichelewesha kufunguliwa kwa shule nchini kwa wiki mbili, na wakazi wa bonde la mto Kuja huko Nyatike wanajua kuhama na magodoro vichwani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imevunjwa. Ndilo shirika lililodai hatujui saa, kisha likageuka, likaja kuwa miongoni mwa walipaji wakubwa wa huduma za virusi nchini. Liliondoka ghafla. Walioguswa kwanza ni wale washauri na kina mama walezi wa kliniki, waliokuwa wakipiga simu kuuliza kwa nini fulani hakuja kuchukua dawa.

Kaunti za Migori na Homa Bay, kila moja ikiwa na watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya 2019, haziwezi kujaza pengo lote hilo kwa bajeti moja. Lakini zinaweza kuamua nini kisikatwe. Mimi ningeanza na mishahara ya watu wanaobisha hodi milangoni, kwa sababu dawa iliyoko ghalani bila mtu wa kumfuata mgonjwa haitofautiani sana na dawa ambayo haipo. Uzoefu wa Homa Bay wa 2001 na wa Lwala baada ya 2007 unaelekeza hukohuko.

Sisi wananchi tuna letu pia. Kila msiba una kamati, na kila kamati ina daftari: jeneza, hema, spika, ng'ombe, usafiri. Hatujashindwa kamwe kulijaza. Ninapendekeza ukurasa wa pili, usomwe hadharani siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika: watoto waliobaki ni wangapi, wako darasa la ngapi, nani atawalea, karo ya muhula ujao ni kiasi gani na itatoka wapi, nani atahakikisha wamepimwa na wanapata dawa kama wanazihitaji. Ng'ombe mmoja akipunguzwa kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili huwa umeshaanza kujaa. Jina la atakayefuatilia liandikwe, na akutane na mwalimu mkuu shule zikifunguliwa. Marehemu hatapungukiwa na heshima, na watoto wake watakuwa na mtu wa kuulizwa.